Kichwa cha gia: anza na nyuzi, urembo baadaye

Mkuu, umeuliza uchukue kichwa cha gia (kile unachoshika juu ya mkono wa gia) cha chuma au cha ngozi kwa Toyota Starlet yako ya manyuali. Kabla ya hapo, fungua hicho cha zamani (kinazungushwa tu kwa mkono, kinyume cha saa) uende nacho dukani Gerezani, Dar, ulinganishe nyuzi za ndani zinazokishika kwenye mkono wa gia. Toyota nyingi ni upana wa milimita 12, hatua (umbali kati ya uzi na uzi) 1.25, Honda ni 10 kwa 1.5. Ukilazimisha cha Honda kwenye Toyota hakiingii, na muuzaji atakwambia "piga nyundo kidogo". Usimsikilize.

Cha chuma kizito ni kitamu, gia inaingia kama inavutwa. Lakini mimi nilikuwa nacho. Ukiliacha gari juani Kariakoo saa saba mchana, ukirudi unabadilisha gia na kitambaa, kama mtu anayeepua sufuria. Nilikitoa ndani ya wiki mbili. Ngozi nayo inakunywa jasho, ila inavumilika.

Kwa foleni zetu za Barabara ya Mandela, chukua cha plastiki ngumu, cha mviringo, kisichozidi kiganja. Kama gari lingekuwa na ile pete ya kunyanyua kuingiza rivasi, ningekwambia uache cha kiwandani.