Kabla hujaigusa solo ya Hawkins

Anayeanza saksafoni ya jazz, ukimuuliza anataka kupiga nini, mara nyingi atataja solo ya mpiga saksafoni Coleman Hawkins katika wimbo "Body and Soul". Na anaitaka leo leo. Iweke pembeni kwanza, uujue wimbo wenyewe.

Huu haukutungwa na watu wa jazz. Johnny Green aliutunga akiwa kijana wa miaka kama 21 kwa ajili ya mwigizaji Mwingereza, Gertrude Lawrence. Maneno ni ya Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton. Ulianza kusikika London, na mwaka huo huo wa 1930 Libby Holman akauimba Broadway katika onyesho la Three's a Crowd. Ni wimbo wa jukwaani, wa mtu aliyejitoa mzima mzima kwa mpenzi asiyemjali. Jifunze maneno yake hata kama hutaimba kamwe, maana ndiyo yanayokuonyesha pa kuvuta pumzi. Asiyeyajua hukata sentensi katikati, kisha anashangaa mbona solo yake haisemi kitu.

Mpiga tarumbeta Louis Armstrong aliurekodi 1930 hiyo hiyo. Mwaka 1935 akafuata Benny Goodman na klarineti yake, Teddy Wilson kwenye piano, Gene Krupa kwenye ngoma. Hakuna besi, kwa hiyo mkono wa kushoto wa Wilson unausikia vizuri. Huo ufuatilie sana.

Lakini nyimbo za maonyesho zilikuwa tele miaka ile. Kwa nini wapigaji waling'ang'ania huu? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ya daraja, yaani sehemu ya katikati inayotofautiana na nyingine. Umbo ni la kawaida, vipimo 32 (kipimo ni fungu la mapigo manne): sehemu ya kwanza mara mbili, daraja, kisha ya kwanza tena. Sehemu ya kwanza iko kwenye ufunguo wa D-flati, yaani noti hiyo ndiyo makao yake. Daraja likianza tu, umeshapanda nusu toni hadi D: flati tano zimeondoka, umekabidhiwa sharpi mbili. Vipimo vinne baadaye uko C, halafu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinateremka nusu toni nusu toni, C7, B7, B-flati 7, mpaka zikurudishe ulikotoka. Hapo ndipo wageni hupotelea. Wanafunzi wangu nawapa vipimo hivyo vinane peke yake, polepole, mimi nikigusa besi tu kwenye piano, wao wakiimba noti ya tatu ya kila kodi (ya tatu kwenye skeli, ukihesabu kutoka noti ya msingi) kabla ya kushika ala. Zoezi linachosha kweli, na wengine hununa. Lakini likishawakaa sikioni, daraja haliwatishi tena.

Sasa njoo kwa Hawkins. Alikuwa Ulaya tangu 1934, akarudi Marekani 1939, na tarehe 11 Oktoba mwaka huo akaingia studio New York. Gene Rodgers anafungua kwa piano, Hawkins anaingia. Katika vipimo vinane vya kwanza melodi ipo, ingawa tayari anaipinda. Baada ya hapo anaiacha. Mizunguko miwili ya wimbo mzima, dakika tatu, anatembea juu ya kodi tu, anapandisha sauti kidogo kidogo, na bado santuri ikauzwa sana kwa watu wa kawaida. Mwimbaji Eddie Jefferson baadaye aliitungia solo hiyo maneno akaiimba, na kuiimba ndiyo njia ninayokushauri nawe uanze nayo. Ukifika kwenye kuinakili kwa noti, chini ya kila fungu la noti andika kodi aliyokuwa akiiwazia. Noti tupu bila hiyo ni kukariri.

Toleo la mpiga saksafoni John Coltrane la 1960 liache kwanza. Yeye na mpiga piano wake McCoy Tyner walizibadilisha kodi zenyewe, na utachanganyikiwa kama za asili hazijakukaa. Msikilize badala yake mwimbaji Billie Holiday katika rekodi yake ya 1940, anavyochelewa nyuma ya mdundo bila kupotea.

Na mwimbaji akikuomba umsindikize, muulize ufunguo wake mapema. Wengi hawauimbi D-flati, na daraja utalihamisha lote.