Jukwaa Kwanza, Kamera Baadaye: Anachoweza Kujifunza Mwigizaji Mpya kwa Brian Cox

Vijana wengi wanaokuja kujifunza uigizaji huanza kwa kuuliza watampataje mtayarishaji wa kuwaweka kwenye televisheni. Kwa miaka niliyofundisha kazi hii nimezoea kuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya Brian Cox, Mskoti ambaye watazamaji wengi wamemfahamu kama Logan Roy, bwana mkubwa wa vyombo vya habari katika tamthilia ya Succession. Tamthilia hiyo ilipoanza kuonyeshwa Juni 2018, Cox alikuwa ametimiza miaka 72, na nyuma yake kulikuwa na zaidi ya miaka 50 ya kazi. Ninawaomba ninyi mnaoanza muichunguze miaka hiyo 50 kwa bidii kubwa kuliko mnavyoitazama ile ya umaarufu.

Cox alizaliwa tarehe 1 Juni 1946 mjini Dundee, mashariki mwa Uskoti, mji uliokuwa ukitegemea viwanda vya juti, nyuzi za kutengenezea magunia, ambamo mama yake aliwahi kufanya kazi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, mama akapata maradhi ya akili, na mtoto huyo, kitinda mimba wa watoto watano, akalelewa kwa sehemu kubwa na dada zake. Aliacha shule mapema, na mwaka 1961 akaingia katika jumba la maigizo la Dundee Repertory Theatre. Hakupokewa kama mwigizaji. Alikuwa kijana wa kazi, akipiga deki na kutumwa huku na huko.

Jumba la aina hiyo lilikuwa na kikundi cha kudumu kilichocheza igizo moja usiku huku mchana kikifanya mazoezi ya igizo linalofuata, hivyo mtu yule yule aliweza kuwa mfalme mwezi huu na mtumishi wa hoteli mwezi ujao. Anayepiga deki mahali kama hapo humsikia mwongozaji akimrudisha mwigizaji kwenye sentensi moja mpaka itamkike sawasawa, huona maleba yakirekebishwa, na huelewa kwa nini taa ikichelewa kidogo tu, kicheko cha watazamaji hupotea. Ndiyo maana humwambia kila mwanafunzi wangu kwamba kikundi kikimpa kazi ya kubeba vifaa, aipokee, lakini ahakikishe anakaa mahali anapoweza kuyaona mazoezi. Mkibeba viti miezi na miezi bila kuruhusiwa kuingia ukumbini wakati wa mazoezi, ombeni ruhusa hiyo waziwazi, na mkinyimwa, tafuteni kikundi kingine.

Mwaka 1963 Cox alikwenda London kusoma katika chuo cha maigizo cha LAMDA, akamaliza mwaka 1965. Amesema wazi mara nyingi kwamba asingefika huko bila ruzuku ya umma iliyomlipia masomo, na kwamba watoto wa tabaka lake leo hawaipati tena nafasi hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwanafunzi asiye na fedha hujishuku kwamba hana kipaji, wakati anachokosa ni nauli na ada. Kuwa na kazi nyingine ya mchana si aibu hata kidogo.

Kutoka chuoni alijiunga na kikundi cha kwanza cha jumba la maigizo la Royal Lyceum mjini Edinburgh, na huko Fulton Mackay, mwigizaji Mskoti aliyemtangulia, alimshauri asihangaikie kuwa nyota, bali ahangaikie kuwa mwigizaji mzuri. Ushauri huo ulizaa matunda polepole sana.

Tunda ninalolipenda zaidi ni Titus Andronicus, jemadari wa Kirumi katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, aliyemwigiza mwaka 1987 katika ukumbi wa Swan, Stratford-upon-Avon, chini ya mwongozaji Deborah Warner, ambaye hakuyapunguza maneno ya Shakespeare. Titus hudanganywa akatoa mkono wake ukatwe ili wanawe wawili waachiwe; muda mfupi baadaye huletewa vichwa vya wanawe hao pamoja na mkono wenyewe, na mahali ambapo kila mtu anangoja kilio, yeye hucheka. Mwigizaji mwoga hukipitia kicheko hicho haraka, kana kwamba mwandishi amekosea. Cox alikikubali, akautafuta ucheshi wa kutisha uliomo ndani ya mzee huyo, na kazi hiyo ikampatia tuzo yake ya pili ya Olivier, inayotolewa kwa maigizo ya jukwaani Uingereza. Mnaposoma mswada, wekeni alama kila mahali ambapo mhusika hafanyi mliyoyatarajia, kisha anzieni hapo mazoezi yenu.

Kamera ilimpokea mtu aliyekwisha kuiva. Katika filamu ya Manhunter ya mwaka 1986 alionekana katika sehemu chache tu kama muuaji aliyefungwa, na utulivu wake ndio unaokumbukwa. Kwa uigizaji wake wa Hermann Göring, kiongozi wa Kinazi, katika tamthilia ya televisheni ya Nuremberg alipata tuzo ya Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2001.

Kuhusu Logan Roy kuna jambo moja la manufaa makubwa kwa mgeni wa televisheni. Cox alianza kumwigiza akiambiwa kwamba mzee huyo alizaliwa Quebec, na msimu wa kwanza ulipokaribia kwisha ndipo akajulishwa kuwa mahali pa kuzaliwa pamebadilishwa kuwa Dundee, mji wake mwenyewe. Jukwaani mswada huwa umekamilika kabla hujauona; katika tamthilia ya misimu mingi waandishi huendelea kuandika huku mkirekodi. Kwa hiyo msimjenge mhusika juu ya habari moja ya wasifu wake. Mjengeni juu ya anachokitaka kwa kila anayezungumza naye, kwa maana hicho hubaki hata historia yake ikiandikwa upya.

Katika tamthilia hiyo hiyo, Jeremy Strong, aliyeigiza mwanawe, alikuwa akizama ndani ya mhusika hata nje ya kamera, na Cox hakuficha kwamba namna hiyo ilimtia wasiwasi, ingawa alikisifu kipaji cha mwenzake. Mimi niko upande wa Cox, kwa kuwa nimeona waigizaji wachanga wakijiumiza kwa jina la ukweli. Hata hivyo, sehemu walizocheza pamoja zina nguvu kubwa. Kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, muulizeni mnayecheza naye anapenda kufanya kazi kwa namna gani, nanyi mwambieni yenu.