Msitu wa Kakamega: Ufungwe Wote au Uendelee Kutumiwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika baraza lililofanyika hapa kwetu, wazungumzaji kadhaa walitaka msitu wote wa Kakamega ufungwe kama ulivyofungwa upande wa Buyangu, yaani pasiwe tena na kuokota kuni, kulisha ng'ombe wala kuchimba dawa. Wengine walisema msitu wa umma ni wa kutumiwa na umma, hata kwa kulima mahindi na maharagwe katikati ya miche. Mama yangu hupikia kuni za huko. Kikao kijacho kikifika, niunge mkono upande gani?
Msomaji, Shinyalu

JIBU: Ndugu msomaji, kila upande una haki katika sehemu fulani ya msitu, na kosa la wote wawili ni kuzungumza kana kwamba msitu huo ni kitu kimoja. Buyangu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori; upande wa kusini, pamoja na Isecheno, uko chini ya Huduma ya Misitu, ambayo huruhusu baadhi ya matumizi kwa kibali. Hata huko kusini zimo sehemu za Isecheno na Yala zilizotengwa kuwa hifadhi za asili tangu mwaka 1967.

Msimamo wangu ni kwamba pale miti ya kale ingali imesimama, pafungwe kabisa. Huu ni msitu wa mvua wa aina ile ya misitu ya Kongo, uliobaki peke yake katika nchi yetu, na mti mkubwa ukiangushwa humo, aliyeuangusha hataishi kuuona mwingine wa kimo hicho. Mara nyingi tunadhani kuni kavu hazina madhara kwa sababu mti umekwisha kufa. Sivyo. Gogo linalooza hulisha uyoga na wadudu, shina lililokauka likiwa bado wima huwapa ndege matundu ya kutagia, na kinachobaki hurudi udongoni kuotesha miche. Kuzoa kila kijiti mwaka baada ya mwaka ni kuunyima msitu chakula chake. Isitoshe, anayehitaji mzigo mkavu na hauoni huweza kuchubua gome la mti mzima ili aurudie ukishakauka.

Hata hivyo, kufunga msitu wote hakuondoi haja ya kupika. Marekani, ambako mjadala huu ni wa miaka mingi, sheria ya mwaka 1960 ilitaka misitu ya taifa itumiwe kwa mbao, malisho, maji, wanyamapori na matembezi, kisha sheria ya mwaka 1964 ikatenga maeneo ambamo binadamu ni mgeni wa kupita tu. Leo maeneo hayo ni takriban ekari milioni 36 kati ya ekari milioni 193 za misitu hiyo, na hata sheria hiyo kali iliacha malisho yaliyokuwapo kabla yake yaendelee. Nao walitenga sehemu nyingi zilizo mbali na makazi, ilhali Kakamega imezungukwa na mashamba madogo yaliyojaa watu hadi ukingoni. Mama aliyenyimwa kibali cha mchana ataingia kwa njia isiyo na mlinzi, na hapo hakuna atakayejua kilichotolewa.

Kuhusu kulima mahindi na maharagwe katikati ya miche, huo ni utaratibu wa mashamba ya misaipresi na misindano, ambako mkulima hupalilia kwa miaka michache hadi vivuli vikutane. Usikubali uingizwe kwenye msitu wa asili, kwa sababu humo kulima huanza na kufyeka.

Kwa hiyo, kikaoni omba kwanza ramani inayoonyesha eneo la asili, la kupandwa na la malisho, kila moja na masharti yake. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu chama cha jamii cha misitu kupewa haki ya kuokota kuni, kukata nyasi, kurina asali na kuchuma dawa kwa makubaliano. Uliza basi chama chenu kimekubaliana nini, na ni mizigo mingapi kwa mwezi. Dai pia kwamba kabla eneo lolote jipya halijafungwa, kaya zinazolitegemea zipewe miche ya kuni ya kupanda kwenye mipaka ya mashamba yao, na muda wa kutosha ikue.