Re: Swila na kifutu ni ndugu?

Ndugu yangu wa Masindi, umeuliza kama swila na kifutu ni ukoo mmoja kwa vile wote wana sumu. Hapana. Ukoo wa kifutu ulijitenga mapema. Swila na koboko wana undugu wa karibu zaidi na yule nyoka wa kahawia wa majumbani, mla panya asiyedhuru mtu. Ajabu, lakini DNA ndivyo inavyoonyesha.

Tazama mdomoni. Juzi shambani tuliua kifutu, nikampanua kinywa kwa kijiti (kichwa kilichokatwa bado huuma, usijaribu!), meno marefu yakakunjuka kama kisu cha mfukoni. Ya swila ni mafupi, yamesimama tu, hayakunjiki. Bumslangi wa mitini, mwenye meno ya sumu nyuma kabisa, ana ukoo wake mwingine.