Kiota cha Mnana Darasani: Wape Watoto Siku ya Pili

Nikiwafundisha watoto wa darasa la pili misingi ya usanifu wa kihandisi, kazi ninayoitegemea kuliko zote ni ya kujenga kiota cha mnana. Kabla ya kugusa chochote tunakwenda kukaa kimya karibu na mnazi walikojenga ndege hao, tukitazama. Dume ndiye fundi: hukata ukingo wa jani kwa mdomo, akaruka na kuchana ukanda mrefu mbichi, akaufunga kwenye kijiti, kisha akafuma pete ya kusimamia, na kutoka kwenye pete hiyo chumba hukua hadi mlango ukaangalia chini. Jike huja kukagua. Kiota kikikosa wa kukipokea hadi majani yakaanza kukauka, dume hukibomoa na kuanza upya.

Hilo la kuanza upya nilichelewa kulizingatia. Mwaka wa kwanza niliwapa dakika 40 tu, watatu watatu, wakiwa na nyasi, ukindu na kamba za katani, bila gundi. Kiota kilitakiwa kuning'inia kwenye tawi la mpera na kubeba kokoto tatu huku nikilitikisa tawi na kuhesabu hadi kumi. Karibu vyote vilianguka, kengele ikalia, na watoto wakaenda nyumbani wakiamini kwamba hawajui kujenga. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi kazi hiyo huchukua siku mbili. Kiota kinapoanguka ninauliza, "Kimeachia wapi?" nao hupachora mahali hapo kabla ya kugusa unyasi mwingine. Swali hili linafaa kuliko "Kwa nini kimeanguka?" kwa sababu hata mtoto asiye na maneno mengi anaweza kulijibu kwa kidole. Msichana mmoja alinionesha kwamba nyasi kavu ndizo zilizokatika, ilhali mbichi zilipinda tu. Kesho yake kikundi chake kilikuja na nyasi zilizochumwa asubuhi ile.

Usiwafungie mafundo, hata ukiona yanalegea, na viota vyenye ndege visiguswe kabisa. Vya kushika mkononi ni vikuukuu vilivyoanguka, navyo vikaguliwe kwanza na mtu mzima.

Muhula uliopita kikundi kimoja, ambacho kiota chake kilibeba kokoto zote tatu, kiliomba siku ya tatu ili kijaribu kuuelekeza mlango chini bila kokoto kudondoka. Niliwapa.