Usiihukumu Blue Bombers kabla ya Septemba

Mwaka 2024 Winnipeg Blue Bombers, timu yetu ya futiboli ya Kanada, walipoteza mechi 4 za kwanza. Baada ya mechi 8 walikuwa wameshinda 2 tu, na huku mjini watu walishaanza kumtafutia kocha Mike O'Shea kazi nyingine. Novemba wakacheza fainali. Mwaka 2025 wakashinda 3 za kwanza, mji ukavimba kichwa kwa sababu Grey Cup, yaani fainali ya ligi, ya mwaka huo ilipangwa kuchezwa hapa hapa kwetu, na fainali ilipofika wao walikuwa likizo tayari.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaozungumza Kiswahili mliohamia Winnipeg, na hata mlioko Regina au Calgary, ambao watoto wenu wamerudi shuleni na jezi ya bluu na dhahabu wakadai kupelekwa uwanjani. Nimeishabikia timu hii tangu niikute, nimenuna nayo na kupiga kelele nayo, na ushauri wangu mkubwa ni huo wa kwenye kichwa cha habari. Juni na Julai zinadanganya.

Kwa asiyeujua mchezo, tuelewane kwanza. Ni mpira wenye umbo la yai, ndugu wa ule wa Marekani, ila Kanada wana mambo yao. Kila upande una wachezaji 12, uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, na timu inapewa majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 10. Wamarekani wanapewa 4. Hilo jaribio moja lililopungua ndilo linaloupa mchezo moto wake. Ukikosea mara moja tu, unalazimika kupiga mpira mbali na kumkabidhi mwenzako, kwa hiyo mpira unabadilisha wenyewe kila baada ya muda mfupi na hakuna uongozi wa kuukalia kitako. Waulize Winnipeg. Fainali ya 2023 kule Hamilton walikuwa mbele, saa imebakiza sekunde 13, Cody Fajardo wa Montreal akampa mwenzake Tyson Philpot pasi ya tachidauni, yaani bao kubwa la mchezo huu, na Montreal wakachukua kombe 28 kwa 24. Watu walishasimama kukumbatiana.

Sasa, kwa nini nasema Septemba? Ligi yenyewe ni ndogo: timu 9 katika kanda mbili, Magharibi na Mashariki, mechi 18 kila mmoja, na 6 kati ya hizo 9 zinaingia mtoano. Ukipoteza mechi 4 katika ligi ya namna hiyo, umejichelewesha tu, hujafa. Halafu kuna suala la wachezaji. Mwishoni mwa Agosti timu za NFL, ligi ya Marekani, hupunguza vikosi hadi watu 53, na baadhi ya wanaoachwa huvuka mpaka kuja kutafuta riziki huku. Majeruhi wa Juni nao huanza kurudi. Timu unayoiona Siku ya Wafanyakazi, ambayo Kanada ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, inaweza kuwa na sura tofauti kabisa na ile ya ufunguzi.

Na wikiendi hiyo ndiyo tunakutana na watani wa jadi. Jumapili tunakwenda Regina kwa Saskatchewan Roughriders, Jumamosi inayofuata wanakuja kwetu kwa mechi iitwayo Banjo Bowl. Jina hilo lina kisa. Mwaka 2003 mpiga mateke wetu, Troy Westwood, aliwatukana watu wa Saskatchewan kwamba ni wapiga banjo waliooana ndugu kwa ndugu. Alipobanwa aombe radhi, alisema amekosea, kwa sababu wengi wao hata banjo hawajui kuipiga. Mwaka uliofuata mechi ikabatizwa jina hilo na hadi leo tiketi zake zinagombewa kama za Simba na Yanga. Ukitaka kwenda, usisubiri Agosti.

Mimi mechi hizo mbili ndizo kipimo changu. Mwaka 2024 tulishinda zote, katikati ya mfululizo wa ushindi wa mechi 8, na nikawaambia rafiki zangu hawa wanafika mbali. Mwaka 2025 tukapoteza zote mbili, ya pili mbele ya watoto wetu. Wapo waliosema ni bahati mbaya. Sikuona bahati mbaya pale. Niliona timu iliyokuwa inasukumwa nyuma kwenye mstari, mchezo baada ya mchezo.

Tofauti ya kumaliza wa kwanza na kumaliza wa nne nayo inafaa uielewe, maana ndiyo iliyotuua. Anayeongoza kanda ya Magharibi anapumzika wiki moja, kisha fainali ya kanda anaichezea nyumbani. Mwaka 2024 tulimaliza na ushindi 11 na vipigo 7, tukaongoza, Saskatchewan wakaja kwetu Novemba tukawafunga 38 kwa 22. Mwaka 2025 tulimaliza 10 kwa 8. Mechi moja tu pungufu! Lakini tukawa wa nne Magharibi, na kanuni ya ligi inasema wa nne wa kanda moja akiwa na rekodi nzuri kuliko wa tatu wa kanda nyingine, anavuka kwenda kucheza upande ule. Tukavuka Mashariki, tukapelekwa Montreal, tukapigwa 42 kwa 33. Katika historia ya kanuni hiyo hakuna timu iliyovuka ikafika Grey Cup. Kwa hiyo mtu akikwambia Oktoba kwamba "tumeingia mtoano, mengine tutajua huko huko", mwulize tumeingia kwa mlango upi.

Nini kiliharibika? Haya ni maoni yangu na kila kinyozi mjini hapa ana yake. La kwanza ni umri. Zach Collaros ni kwotabeki, yaani mrushaji pasi anayeongoza mashambulizi, aliyetupa kombe la 2019 lililovunja ukame wa tangu 1990, akatupa la 2021 tulilolipata katika muda wa nyongeza, na akawa mchezaji bora wa ligi 2021 na 2022. Heshima yake haina mjadala kwangu. Lakini Agosti 2025 alitimiza miaka 37, na msimu wenyewe aliuanza nje kwa kufungiwa mechi moja. Dalili zilikuwapo mapema. Kwenye fainali ya 2024 pale Vancouver kidole cha mkono anaorushia kilipasuka katika robo ya tatu, akatoka, akarudi, na jioni ile ikaisha pasi zake 4 zikiwa zimedakwa na wapinzani. Toronto, waliomchezesha kwotabeki wa akiba kwa sababu wa kwao Chad Kelly alivunjika mguu wiki moja kabla, walitufunga 41 kwa 24. Hapo ndipo uongozi ulipaswa kuanza kumlea mrithi kwa dhati. Timu yenye kwotabeki mkongwe na isiyo na kijana anayeaminika nyuma yake inacheza kamari kila wiki.

La pili ni wapokeaji wa pasi. Mmoja wao, Kenny Lawler, aliondoka Februari 2025 kwenda Hamilton, na pengo lake lilionekana kila tulipohitaji yadi nyingi kwa mpigo. Hapa nina ushauri wa mfukoni kabisa: ukimnunulia mtoto jezi yenye jina la mchezaji, nunua ya Mkanada. Mikataba katika ligi hii ni mifupi, ya mwaka mmoja ni mingi mno, na kila Februari soko likifunguliwa Wamarekani wanahama kama wapangaji. Rafiki yangu mmoja alinunua jezi ya Lawler, mwaka 2022 Lawler akaenda Edmonton. Akaificha kabatini. Mwaka 2023 Lawler akarudi, jezi ikatoka. Sasa iko kabatini tena. Kinyume chake, Brady Oliveira na Nic Demski ni watoto wa hapa hapa Winnipeg, wote wamesoma sekondari ya Oak Park, na hakuna dalili ya kuwachoka mji wao. Oliveira alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima 2024, na ukimwona anavyobeba mpira, anaingia katikati ya miili ya watu wenye kilo zaidi ya mia huku magoti yako juu, utajua jezi yake haichakai haraka.

Tena Wakanada si mapambo. Kanuni inaitaka kila timu ianze na idadi maalumu yao, kwa hiyo timu yenye Wakanada wazuri inapata nafasi ya kuwapanga Wamarekani wake inapowahitaji zaidi. Shabiki mpya humtazama kwotabeki tu. Wewe tazama watoto wa nyumbani, utaijua timu kabla ya wengine.

Na wengine wa hao watoto wa nyumbani wanatoka kwetu Afrika. Henoc Muamba alizaliwa Kinshasa, akakulia Kanada, na Winnipeg ndio waliomchagua wa kwanza kabisa kwenye draft ya 2011, ile zamu ya timu kugawana wachezaji chipukizi. Fainali ya 2022 alikuwa ameshahamia Toronto. Dakika za mwisho akaidaka pasi ya Collaros, Toronto wakashinda 24 kwa 23, naye akabeba tuzo ya mchezaji bora wa fainali na ya Mkanada bora wa fainali kwa pamoja. Wakongomani wa mjini kwetu walipata taabu siku ile: huku timu yao imelala, huku mwana wao anainuliwa juu.

Kuhusu tiketi ya Grey Cup 2025 nililaumiwa sana, maana niliinunua mapema kabla ya kujua nani atacheza, na timu ilipotolewa Montreal kila mtu aliniambia niiuze. Sikuiuza na nakushauri usiiuze ukijikuta hapo. Fainali hiyo ilichezwa Novemba 16 Princess Auto Stadium, pale chuoni Manitoba, na walioingia ni hao hao Roughriders dhidi ya Montreal. Uwanja wetu wa bluu ulikuwa kijani kutoka mlingoti hadi mlingoti. Mashabiki wa Saskatchewan hukata tikiti maji, wakalitoa nyama yote na kulivaa kichwani kama helmeti. Mzee aliyekaa mbele yangu lake halikukwanguliwa vizuri, maji yalimtiririka shingoni mpaka kwenye kola, yeye hana habari. Aliponiona na koti langu la bluu akageuka akanipa mkono: asante kwa kutuazima nyumba. Nifanye nini? Nilicheka. Walishinda 25 kwa 17, kombe lao la kwanza tangu 2013, na Montreal walipokuwa hatua chache tu kutoka mstari wa kufungia mpira ukawaponyoka mikononi, nikajikuta nimesimama kwa mshtuko kama ni timu yangu. Mchezo mzuri ni mchezo mzuri, hata ukiumia.

Mambo mengine ni madogo. Novemba vaa nguo mbili mbili chini ya koti na usidharau miguu. Juni jihadhari na mbu, wa Winnipeg hawana adabu. Ndugu zako walioko Dar au Mombasa wakitaka kutazama na wewe, ligi, kwa kifupi CFL, ina huduma ya mtandaoni ya CFL+ inayoonyesha mechi bure kwa walio nje ya Kanada, ila waambie ukweli kuhusu saa: mechi ya saa 1 na nusu jioni hapa wakati wa kiangazi, kwao ni saa 9 na nusu usiku.

Kwa 2026 mimi sitasema lolote kuhusu ubingwa mpaka nione Regina na Banjo Bowl. Nitakachotazama kuanzia mechi ya kwanza ni nani anapasha moto misuli nyuma ya kwotabeki, na kama anapewa dakika za maana au za kupoteza muda tu. Na kama hujawahi kwenda uwanjani, huu ndio mwaka wa kwenda. Ligi ilitangaza Septemba 2025 kwamba kuanzia 2027 uwanja utapunguzwa uwe wa yadi 100 na milingoti irudishwe nyuma, karibu kabisa na wa Wamarekani. Mimi naona wanaharibu kitu ambacho hakikuwa kibovu. Hata hivyo hawakuniuliza, na ule uwanja mrefu wa yadi 110 tumebakiziwa msimu mmoja tu wa kuuona.