Maji yanapungua, petroli inanuka, injini imefungwa juzi

Sheikh wangu wa Wete, unasema injini imefungwa upya, sasa maji ya rejeta yanapungua na petroli inanuka. Anza na petroli. Maji hayachomi gari. Injini ikiwa baridi, fungua swichi bila kupiga stata ili pampu isukume mafuta, kisha mulika tochi kwenye mashina ya inzekta, zile pua zinazopuliza petroli ndani ya injini. Mara nyingi ni vioringi, yaani vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja, vya zamani vilivyorudishwa. Ukiona tone tu, zima, toa waya wa betri, usiwashe tena.

Maji yakishuka kidogo siku za mwanzo, huenda ni hewa iliyonasa inatoka. Yakiendelea, pitisha kidole chini ya klampu za mipira, angalia na kitundu kilicho chini ya pampu ya maji: ukoko wa rangi ya kulanti, ile dawa ya rangi ya maji ya rejeta, ndio alama. Nje pakavu? Chomoa kijiti cha oili. Oili kama chai ya maziwa, au mapovu yasiyokatika kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi imekufa, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku. Fundi aulizwe kama hedi ilipimwa unyoofu kabla ya kufungwa.

Na maji ya kisima cha chumvi usitie, bwana. Yanakula alumini.